Nicolas Robert, msimamizi wa kiwanda aliyevumbua mashini ya karatasi na kufa bila mali

KISANGANI – Rami ya karatasi inayofunguliwa asubuhi kwenye meza ya fotokopi, jirani na Chuo Kikuu cha Kisangani, imefika baada ya safari ndefu. Ile inayotoka Kinshasa hupanda mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700. Nyingine huingia kwa barabara za mashariki, juu ya malori yanayokwama kwenye matope. Mji huu umezungukwa na msitu, na magogo ya Tshopo hupita kila siku mbele ya macho ya wakaaji, lakini kiwanda cha karatasi hakuna. Mwanafunzi anayesomea uenjinia hapa hujifunza kazi ya kiwanda hicho ndani ya vitabu tu, na vitabu vyenyewe vimechapwa juu ya karatasi ya wengine.

Karibu karatasi yote hiyo, iwe ya kaye za shule, ya kura au ya mifuko ya saruji, inatoka kwenye aina moja ya mashini. Aliyeifikiria kwanza hakuwa mwanasayansi wa jina kubwa. Alikuwa msimamizi wa wafanyakazi kiwandani, mtu wa mshahara, aliyechoshwa na ugomvi wa kila siku. Aliitwa Nicolas-Louis Robert.

Robert alizaliwa mjini Paris tarehe 2 Desemba 1761. Wazazi wake walikuwa tayari watu wazima sana, na mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu wa mwili. Alisoma vizuri, lakini tangu ujana aliona haya kuwa mzigo juu ya mgongo wa wazee wake. Alipofika umri wa miaka 15 alijaribu kuingia jeshini ili aende vita vya Marekani, ambako Ufaransa ilikuwa ikiwasaidia waasi dhidi ya Uingereza. Walimkataa. Hakuacha, na mwaka wa 1780 akapokelewa katika kikosi cha mizinga.

Jeshi lilimpeleka mpaka Saint-Domingue, kisiwa ambacho sehemu yake ndiyo Haiti ya leo. Huko alipigana na Waingereza. Wasomaji wa Kongo wana sababu ya kusimama kidogo hapa: kisiwa kile kililimwa na watumwa, na katika miaka hiyo sehemu kubwa ya walioletwa walitoka pwani ya Kongo na Angola. Kijana wa Paris aliyekwenda kutafuta heshima ya askari alikuwa akilinda sukari na kahawa iliyotoka kwenye jasho la watu hao. Miaka michache baadaye wao wenyewe wangeinuka na kuvunja minyororo.

Mnamo 1790, mapinduzi yakiwa yameanza Ufaransa, Robert alivua sare na kutafuta kazi ya amani. Aliipata kwa familia ya Didot, ukoo uliojulikana Paris nzima kwa uchapaji wa vitabu. Alianza kama karani. Alikuwa mwepisi wa hesabu na mwenye utaratibu, kwa hiyo baada ya muda alipelekwa Essonnes, kilomita kama 30 kusini ya Paris, kwenye kiwanda cha karatasi kilichoongozwa na Saint-Léger Didot. Huko akawa mkaguzi wa wafanyakazi, ambao idadi yao ilikuwa karibu 300.

Kazi yake, kwa lugha ya leo, ilikuwa ile ya enjenia wa uzalishaji: kufuata malighafi tangu inapoingia hadi inapotoka kuwa karatasi, kujua ni wapi inapotea, ni wapi inachelewa, na kwa nini karatasi ya Jumanne haifanani na ya Jumatatu. Ili kuelewa alichokifanya baadaye, lazima kwanza kuona jinsi karatasi ilivyotengenezwa wakati huo.

Miti haikutumiwa. Malighafi ilikuwa nguo zilizochakaa, za kitani na pamba, zilizookotwa na kununuliwa kwa kilo. Wanawake walizichagua, wakazikata vipande na kuondoa vifungo. Vipande vililowekwa mpaka vikaoza kidogo, kisha vikasagwa majini kwa gurudumu lenye visu, lililovumbuliwa na Waholanzi, mpaka nguo ikawa rojo nyeupe ya nyuzi. Rojo hiyo ilimiminwa katika pipa kubwa.

Mbele ya pipa alisimama fundi wa kwanza. Alishika fremu ya mbao yenye wavu mwembamba wa nyaya, akaichovya na kuinua. Maji yalipita chini, nyuzi zikabaki juu. Mkaaji wa Kisangani anaijua kanuni hiyo bila kufundishwa: ndivyo vikapu vya Wagenia vinavyofanya kwenye maporomoko, mto unapita na samaki anabaki. Lakini fundi alikuwa na siri moja zaidi. Kabla maji hayajakauka aliitikisa fremu, mara mbele na nyuma, mara kushoto na kulia, ili nyuzi zishikane pande zote. Asipotikisa vizuri, karatasi hupasuka upande mmoja kama kitambaa kibovu. Ujuzi huo ulikaa kwenye mikono na mabega, na ilichukua miaka kuupata.

Fundi wa pili alipokea fremu na kuigeuza juu ya kitambaa cha sufu, akaiacha karatasi mbichi pale na kuweka kitambaa kingine. Rundo likijaa lilipelekwa kwenye shinikizo. Wa tatu alitenganisha karatasi moja moja, bila kuzichana. Ndipo zikatundikwa kwenye kamba darini, kama nguo, zikauke kwa upepo. Zikisha kukauka zilichovywa katika gundi ya mifupa na ngozi ili wino usienee, na zikatundikwa tena. Karatasi haikuweza kuwa kubwa kuliko urefu wa mikono ya mtu aliyeshika fremu.

Mafundi hao walijua thamani yao. Walikuwa na chama chao na desturi zao, na waliamua wenyewe nani aingie kazini. Bwana wa kiwanda akimkosea mmoja, wote wangeweza kuondoka, na pipa la rojo likaharibika. Zaidi ya hayo, kiwanda cha Essonnes kilikuwa na mteja asiyeweza kungoja: serikali. Mapinduzi yalilipia madeni yake kwa kuchapa noti, na noti zilihitaji karatasi. Kadiri thamani yake ilivyoanguka, ndivyo zilivyochapwa nyingi zaidi. Wazee wa Kisangani wanaokumbuka noti ya zaire milioni tano ya mwaka wa 1992 hawana haja ya kuelezwa hali hiyo. Mafundi wa Essonnes walikuwa katika nafasi nzuri ya kudai, wakadai. Na aliyepaswa kupambana nao kila asubuhi ni Robert.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na si vema kulipaka sukari. Katika ombi alilopeleka serikalini baadaye, Robert alieleza wazi kwamba alitaka kutengeneza karatasi ndefu bila msaada wa mafundi, kwa nguvu za mashini peke yake, na kwa gharama ndogo. Alitafuta njia ya kuwaondoa watu waliomsumbua. Mashini iliyokuja kuwapa watoto wa maskini vitabu ilianza kama silaha ndani ya ugomvi wa kiwanda.

Mfano wa kwanza ulishindwa. Didot, aliyekuwa mtu wa kubadilika-badilika, alimcheka kidogo, akamtia moyo kidogo, kisha akamhamishia kwenye kinu cha unga kwa miezi kadhaa ili apumzishe kichwa. Kichwa hakikupumzika. Robert alirudi na mfano wa pili, mdogo kama mchezo wa mtoto, na safari hii ukatoa karatasi halisi, nyembamba kama utepe. Didot akaona kwamba jambo linawezekana, akaamuru ijengwe mashini kubwa, ya upana wa karibu sentimita 60.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza. Badala ya fremu inayochovywa na kuinuliwa, Robert alichukua wavu wa nyaya na kuziunganisha ncha zake mbili, ukawa mkanda usio na mwanzo wala mwisho, akaupitisha juu ya rola mbili. Chini yake palikuwa pipa la rojo. Gurudumu lenye makasia lilichota rojo na kuimwaga juu ya wavu uliokuwa ukitembea. Maji yalichuruzika na kurudi pipani. Wavu ulitikiswa kwa pande, na hivyo ile siri ya mabega ya fundi ikahamia ndani ya chuma na mbao. Mwishoni rola iliyovikwa kitambaa cha sufu iliikamua karatasi mbichi, nayo ikazungushwa na kutoka bila kukatika. Mtu mmoja alizungusha mpini kwa mkono. Karatasi ilitoka na urefu wa mita nyingi, jambo ambalo hakuna fundi duniani aliyewahi kulifanya kwa fremu. Kuikausha bado kulifanywa kwa kuitundika, kama zamani. Silinda za kukaushia kwa mvuke zilikuja baadaye, mwaka wa 1820, kwa kazi ya Mwingereza Thomas Crompton.

Tarehe 9 Septemba 1798 Robert aliomba hati ya uvumbuzi, ile Wafaransa wanayoiita breve. Hati yenyewe ililipiwa, na katika barua yake kwa waziri wa mambo ya ndani, François de Neufchâteau, hakuficha kwamba hana pesa hizo. Serikali ilituma mtu Essonnes kuichora mashini na kuhakikisha kwamba inafanya kazi kweli. Ikaridhika. Robert alipewa zawadi ya faranga 3,000, na tarehe 18 Januari 1799 akapata hati ya miaka 15. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Katika maisha yake huo ndio mwaka uliokuwa na matumaini. Kilichofuata wavumbuzi wengi wasio na mtaji wanakijua.

Hati ilikuwa ya Robert, lakini kiwanda, chuma, mbao na pesa za majaribio vilikuwa vya Didot. Kila mmoja aliona mashini ni yake. Waligombana, na mwishowe Robert akamuuzia Didot hati pamoja na mashini, kwa malipo ya kidogo kidogo. Didot hakulipa kama walivyopatana. Robert alilazimika kwenda mbele ya sheria, na tarehe 23 Juni 1801 akarudishiwa hati yake. Kwa macho ya sheria ya Ufaransa alikuwa ameshinda.

Lakini mashini ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Didot alikuwa na shemeji Mwingereza, John Gamble, aliyefanya kazi Paris katika ofisi ya kubadilishana wafungwa wa vita. Ufaransa ilikuwa vitani, pesa haikupatikana, na mafundi wa chuma wenye uwezo walikuwa wengi zaidi upande wa pili. Gamble alichukua michoro akaenda nayo London, na tarehe 20 Aprili 1801, miezi miwili kabla Robert hajarudishiwa hati yake, Uingereza ilimpa Gamble hati namba 2487 kwa mashini hiyo hiyo. Hati ya Paris haikuwa na nguvu London. Jina la Robert lilibaki upande huu wa maji.

London, Gamble alikutana na ndugu wawili, Henry na Sealy Fourdrinier, wafanyabiashara wa karatasi waliokuwa na mtaji. Walimpa kazi hiyo fundi kijana mwenye kipaji, Bryan Donkin. Mwaka wa 1803 mashini ya kwanza iliyofanya kazi kwa faida ilisimamishwa kwenye kiwanda cha Frogmore, wilaya ya Hertfordshire, na mwaka uliofuata ya pili, bora zaidi, katika eneo la Two Waters karibu na hapo. Haki itendeke kwa Donkin pia: mashini ya Robert ilikuwa wazo lililosimama kwa shida, na ni yeye aliyelifanya litembee mchana na usiku bila kuvunjika. Mwenye wazo na mwenye kulikamilisha hawakuwa mtu mmoja.

Hata hivyo dunia iliipa mashini jina la wenye pesa. Mpaka leo, kwenye viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia, mashini ya wavu wa mlalo inaitwa Fourdrinier. Na jina ndilo karibu faida yote waliyoipata. Ndugu hao walitumia karibu pauni 60,000, mali kubwa sana kwa wakati ule, wakafilisika mwaka wa 1810. Wengine waliiga mashini bila kulipa. Ni mwaka wa 1840 tu ambapo bunge la Uingereza liliwapa pauni 7,000 kama fidia, muda mrefu baada ya biashara yao kufa.

Mafundi wa mikono nao walilipa. Novemba 1830, karibu na mji wa Wycombe, wafanyakazi wa karatasi wa Uingereza waliingia viwandani na nyundo na kuzivunja mashini zilizowaondoa kazini. Wengi walikamatwa na kuhukumiwa. Kile Robert alichokitaka Essonnes, yaani kiwanda kisichowategemea mafundi, kilikuwa kimetimia kwa watu ambao hakuwahi kuwaona.

Yeye mwenyewe hakuiona siku hiyo. Alibaki Ufaransa na hati isiyokuwa na mtaji wa kuitumia. Mashini ya kwanza ya aina yake iliyojengwa Ufaransa kwa kazi ya biashara ilifungwa Sorel-Moussel mwaka wa 1811, na mwaka uliofuata Robert aliondoka kabisa katika kazi ya karatasi. Afya ilikuwa imemwacha. Alihamia Vernouillet, kijiji kilicho karibu na Dreux, akafungua shule ndogo.

Ufaransa ya baada ya vita vya Napoléon ilikuwa nchi ya watu waliochoka, na wazazi wa kijijini hawakuwa na pesa. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo, na wakati mwingine haukuja. Walimu wa Tshopo watamwelewa bila maelezo. Robert alifundisha hivyo kwa zaidi ya miaka 15, akafa tarehe 8 Agosti 1828, akiwa na miaka 66. Hakuacha mali.

Wakati anazikwa, mashini za aina yake zilikuwa zikizunguka Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, na moja ilikuwa imefika Marekani mwaka mmoja tu kabla. Karatasi ilianza kushuka bei. Nguo chakavu hazikutosha tena, na mwaka wa 1844 mfumaji mmoja wa Saxony, Friedrich Gottlob Keller, akafaulu kupata nyuzi kwa kusaga mti juu ya jiwe la kunolea. Naye pia hakuwa na pesa za kulinda hati yake, akaiuza, na wengine wakatajirika. Ukoo wa wavumbuzi wa karatasi una tabia hiyo.

Mti na wavu unaozunguka vilipokutana, gazeti likawa kitu cha senti chache. Njia hiyo ndiyo iliyofika mpaka hapa. Katika miaka ya 1950, wakati mji ukiitwa Stanleyville, karani mmoja wa posta alikuwa mhariri wa jarida la wafanyakazi wenzake, L'Écho postal. Karani huyo ni Patrice Lumumba. Sauti yake ya kwanza kwa umma ilipita juu ya karatasi ya bei ndogo, iliyotoka kwenye mashini iliyoanzia Essonnes.

Viwanda vikubwa vya kanda hii vinafuata kanuni ile ile. Webuye, magharibi ya Kenya, ambako karatasi ilianza kutoka mwaka wa 1974, na Mufindi, kusini ya Tanzania, vilijengwa karibu na mashamba ya miti, na rojo humwagwa juu ya wavu unaozunguka. Enjenia anayesimamia hatua hizo leo anatumia kompyuta kupima kile ambacho Robert alikipima kwa macho na kidole: rojo ni nzito au nyepesi kiasi gani, maji yanatoka haraka au polepole, karatasi inapitaje kwenye rola bila kukatika. Rojo inapogusa wavu, zaidi ya asilimia 99 ya uzito wake ni maji. Katika kilo 100, nyuzi hazifiki kilo moja. Kazi nzima ni kuyaondoa maji hayo bila kuivuruga hiyo sehemu ndogo inayobaki, kwanza kwa wavu, kisha kwa kukamua, mwisho kwa moto. Karatasi ikikatika katikati ya usiku, ni enjenia anayeamshwa.

Vernouillet haikumsahau kabisa mwalimu wake. Sanamu yake inasimama mbele ya kanisa la mji huo, na shule moja ya sekondari ya pale inaitwa Nicolas Robert. Kwenye mashini zenyewe, popote zilipo, jina ni Fourdrinier.